Winga wa levo ya 92

Saa kumi na nusu jioni wenzake wanapasha Mnazi Mmoja, winga yupo barazani Malindi anafua chuma kwenye simu. Ni RuneScape, gemu ya Jagex ya Uingereza. Mhunzi huanza na shaba na bati. Akipanda, anayeyusha chuma kwa makaa apate pao moja la chuma cha pua. Kazi ya kurudia rudia, kama kupiga krosi.

Yupo levo ya 92, anaitafuta 99, anajiona dakika ya 85. Wapi! Levo ya 92 ni pointi milioni 6.5, ya 99 milioni 13. Ndiyo kwanza mapumziko.

Kocha hajui habari za tanuri: asiyefanya mazoezi leo, keshokutwa benchi. Chaji asilimia nne. Daluga zipo chini ya baraza, hazijafungwa kamba.