Kwa Nini Vituo Vingine Vionekane na Hiki Kisionekane?

Jirani yangu, mwalimu wa sekondari, alinijia na malalamiko. Televisheni yake ilionyesha vituo vingi barabara, lakini vichache vilikatikakatika na kupotea. Fundi alikwisha kumshauri anunue antena mpya, kwa fedha alizoziweka kwa ajili ya karo ya mtoto. Je, antena iliyo mbovu ingewezaje kupokea vituo vingine vyote?

Katika mfumo wa dijitali, ambao Tanzania iliuhamia kwa kuanza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, vituo kadhaa husafiri pamoja katika masafa mamoja. Kimoja kikipotea peke yake hali wenzake wa msafara huo waonekana, antena haina kosa, kwani wimbi limefika. Msafara mzima ukipotea, waulize majirani kwanza. Huenda mtambo wa kurushia ndio wenye hitilafu. Majirani wakiwa salama, lichunguze wimbi.

Wimbi la redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukigawanya mwendo huo kwa masafa ya megahezi 600, urefu wa wimbi ni sentimita 50. Kwa megahezi 474, ni takriban sentimita 63. Antena hupokea wimbi litokalo mnarani moja kwa moja, na pia lile lililoakisiwa na kitu kama paa la mabati. Kilele cha wimbi moja kikikutana na bonde la jingine, mawimbi hayo hufifishana. Kwa kuwa urefu wa mawimbi hutofautiana, mahali palepale masafa mamoja yaweza kufifia na mengine yakaimarika.

Antena ya jirani yangu ilikuwa karibu sana na mabati. Tuliipandisha sentimita 20, tukasoma kipimo cha ubora wa mawimbi katika king'amuzi, kisha tukaipandisha tena. Mara ya tatu picha ilitulia, na karo ikabaki salama.

Wanafunzi waweza kulifanya jaribio hili darasani kwa antena ya ndani, pasipo kupanda paa wala kukaribia nyaya za umeme. Waisogeze sentimita 10 kila mara, na waandike ubora wa masafa mawili tofauti katika jedwali. Je, yote mawili hupanda na kushuka mahali pamoja? Jedwali ndilo litakalowajibu.