Barabara Kuu ya Chake Chake na Miche ya Masika

Wanachama wetu wenye mashamba karibu na mji wa Chake Chake hutuuliza suali moja kila masika yanapokaribia: "Nipande mikarafuu kando ya barabara, au nisipande?" Suali ni fupi, lakini ndani yake mna jambo zima la mji unaokua na barabara kuu ipitayo katikati yake, na kwa sababu hiyo tumeona ni vyema tulieleze kwa urefu kidogo.

Kila mwanachama aujua mji ulivyokaa. Uko juu ya kilima, magharibi yake mna mkono wa bahari na mikoko, na barabara yapita baina ya maduka. Atokaye Mkoani akaenda Wete hupita hapo. Lori lenye magunia ya karafuu, gari la abiria, mtoto wa skuli na mwenye baskeli, wote njia yao ni moja. Na watu wanazidi. Hesabu ya mwaka 2012 ilionyesha Pemba ina watu 406,848. Ile ya mwaka 2022 ilionyesha 543,441. Hiyo ni nyongeza ya thuluthi moja kwa miaka kumi tu, na magari nayo hayakubaki pale pale.

Wahandisi wa barabara hawapimi njia kwa magari ya leo. Hupiga hesabu ya miaka ishirini mbele. Tuseme magari yanazidi kwa saba katika kila mia kwa mwaka: baada ya miaka kumi yatakuwa mara mbili, na baada ya miaka ishirini yatakaribia mara nne. Wengine husikia miaka ishirini wakacheka, wakasema hayo ni mambo ya wajukuu. Lakini mkulima wa karafuu hana haki ya kucheka. Mche anaoutia ardhini masika haya hauanzi kuzaa mpaka upate kiasi cha miaka sita hadi minane, na hushika uzazi wake kamili kwenye miaka ishirini hivi. Basi mkarafuu na mpango wa barabara ni watu wa rika moja. Mti utakapokuwa umeanza kumlipa mwenyewe vizuri, ndipo tingatinga litakapokuja, kama mstari wa barabara haukujulikana mapema.

Njia za kuitengeneza barabara iliyobanwa na mji ni mbili: kuipanua hapo hapo ilipo, au kujenga nyengine ya kuuzunguka mji. Kuipanua ni kuvunja maduka na nyumba, na pengine kugusa misikiti na makaburi. Kuuzunguka mji, kwa kuwa magharibi ni bahari, hapana budi iwe kwa mashariki, nako ni vilima vya mikarafuu na mabonde ya mpunga. Wenye maduka watapenda njia ya pili, na sisi wenye mikarafuu twaweza kushawishika kuipenda ya kwanza. Ugomvi wa namna hiyo haufai kuanzwa kabla ya kuhesabu magari.

Na kuhesabu si kusimama njiani na kuandika idadi peke yake. Dereva huulizwa atoka wapi na aenda wapi. Ikiwa katika magari mia, sabini mwisho wa safari yao ni hapo hapo mjini, sokoni, hospitali, benki na maafisini, basi barabara ya kuzunguka itauondolea mji magari thelathini tu, nasi tutakuwa tumekata mikarafuu kwa faida ndogo. Ikiwa wapitao ni wengi, hoja yake ina nguvu. Tena barabara ya kuzunguka huvuta nyumba kama taa inavyovuta kumbikumbi. Ikiwa kila mtu ataruhusiwa kufungua mlango wa duka juu yake, baada ya miaka michache itakuwa barabara ya mjini kama ile ya kwanza, na mashamba yamekwisha kuliwa.

Rai yetu ni kwamba mstari uchaguliwe sasa, bikoni zitiwe sasa, na ramani ibandikwe mahali pa kuonekana, hata kama fedha za kujenga hazitapatikana mpaka baada ya miaka kumi na tano. Tumeona wenzetu wa Bara. Sheria yao ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 mpaka mita 30 kila upande, na nyumba zikatiwa alama za X, nyekundu kwa wasiostahiki fidia na kijani kwa wanaostahiki. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa baina ya Kimara na Kiluvya ili barabara ya Morogoro ipanuliwe. Sheria hiyo si ya huku kwetu, kwani barabara si jambo la Muungano, lakini machozi hayana mpaka.

Katika fidia tuna neno letu. Mkarafuu una msimu mkubwa na msimu mdogo. Mthamini akija katika mwaka wa uhaba akaandika alichokiona, mwenye mti amedhulumiwa; hesabu ichukue misimu kadhaa. Kadhalika visiwani kwetu miti yaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ya mwengine, na katika eka tatu nyingi waliopewa kwanza wamekwisha kufariki, na warithi hawajagawana. Haya ni ya kutengenezwa sasa, si siku ya malipo.

Jambo jengine ni maji. Barabara pana hukusanya maji mengi ya mvua, na kalvati likielekezwa shambani litachimba korongo au kutuamisha maji, na mkarafuu hauvumilii mizizi yake kusimama majini. Na wale wanaoanika karafuu pembeni mwa lami (tunawajua, na tunajua kwamba lami ina joto zuri) watahitaji sakafu za kuanikia, kwani magari ya barabara pana hayataendeshwa kwa taratibu ya leo.

Basi tuwajibu waulizaji: pandeni, lakini mpaka mstari utakapojulikana, mikarafuu ikae mbali na barabara kuu, walau mita 30 kutoka katikati yake. Ukanda wa mbele tieni muhogo na migomba. Na mwenye miti iliyokwisha kusimama ndani ya masafa hayo aihesabu, aandike umri wake na mavuno ya kila msimu, ahifadhi stakabadhi za kuuzia karafuu, kisha alete nakala afisini kwetu pamoja na majina ya majirani wawili waujuao mpaka wake.