Undugu wa Sharika Usiwe wa Kupokea Tu

Ndugu msikilizaji, ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, kabla hujafika Iringa mjini utapita Ilula, wilaya ya Kilolo. Hapo ipo hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikisaidiwa na watu wa Minnesota, huko Marekani. Abiria ana haki ya kuuliza: Ilula na Minnesota wamejuana wapi? Wiki hii tulijibu swali hilo, maana ndani yake limo jambo linalotuhusu sote, tuwe Walutheri au tusiwe.

Jibu lina jina la Kiswahili: Bega kwa Bega. Ndivyo unavyoitwa uhusiano wa Dayosisi ya Iringa na Sinodi ya Saint Paul, Minnesota, ulioanza mwaka 1987. Sinodi kwa Walutheri wa Marekani ni kama dayosisi kwetu. Upande wa Mbeya nako, Dayosisi ya Konde, yenye makao makuu Tukuyu, imekuwa na uhusiano wa namna hiyo na Sinodi ya Lower Susquehanna, katika jimbo la Pennsylvania.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Chini ya dayosisi na sinodi, usharika mmoja wa huku huunganishwa na usharika mmoja wa kule. Wanaombeana katika ibada, wanaandikiana barua na kutembeleana. Wageni wakija hulala vijijini, hula ugali na wenyeji, huimba nao. Pamoja na hayo huja misaada: karo za wanafunzi wa sekondari, mabati ya kanisa, dawa, kisima.

Uhusiano huu unatofautiana na ule wa zamani. Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani, wa Berlin na wa Moravian, walifika Unyakyusa. Wakati ule fedha zilitoka Ulaya, na amri zilitoka huko huko. KKKT ilipoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, Walutheri wa Tanzania walishika usukani wa kanisa lao. Kwa hiyo urafiki wa leo unapaswa kuwa wa watu wazima wawili, si wa mzazi na mtoto.

Lakini je, ndivyo ulivyo? Katika kazi yangu ya utangazaji nimehudhuria mapokezi ya wageni wa aina hii mara kadhaa. Ngoma hulia, mgeni huvishwa kitenge, hukabidhiwa mbuzi au kuku. Kisha husomwa risala. Nusu yake ya kwanza ni shukrani. Nusu ya pili ni orodha: tunaomba gari, tunaomba vyombo vya muziki, tunaomba nyumba ya mchungaji. Mara chache sana nimesikia risala inayomwuliza mgeni kwao kuna shida gani, nasi tuwasaidieje.

Hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Usharika wenye rafiki ng'ambo hupata mabati, wa jirani usio na rafiki hubaki na nyasi, na wivu huingia. Mtu mmoja anayejua Kiingereza hugeuka kuwa mlango pekee wa mawasiliano, na barua za kuomba karo ya mwanawe hupita pembeni bila wazee wa kanisa kujua. Matembezi nayo hayana usawa. Mmarekani anaweza kulipia viza yake akishashuka uwanja wa ndege. Mzee wa kanisa wa Kilolo hana budi kusafiri hadi ubalozini Dar es Salaam, alipe ada isiyorudishwa, ahojiwe, na pengine anyimwe.

Lipo na jambo zito zaidi. Kanisa la Kilutheri la Marekani, ELCA, lilipoanza mwaka 1988 lilikuwa na waumini zaidi ya milioni 5. Leo hawafiki milioni 3. KKKT nayo huhesabu waumini wapatao milioni 8. Maana yake ni kwamba anayetazamiwa kutoa anapungua, na anayetazamia kupokea anaongezeka. Zipo sharika kule zenye wazee watupu, na nyingine zinafunga milango. Usharika rafiki ukifungwa, yule binti wa kidato cha pili aliyekuwa akilipiwa karo atalipiwa na nani?

Sisemi misaada ikataliwe, la hasha. Hospitali inahitaji dawa, na mtoto anahitaji shule. Ninachosema ni kwamba msaada uwe tunda la urafiki, usiwe mizizi yake. Mapatano yaandikwe, na pande zote mbili ziyajue. Fedha zipite katika ofisi ya dayosisi na zisomwe hadharani siku ya ibada, kama zinavyosomwa sadaka na fedha za mnada wa mavuno. Karo ya mgeni iambatane na mchango wa wenyeji, hata kama ni debe la mahindi, ili siku mgeni akikwama pawe na pa kuanzia.

Aidha, tujue kwamba nasi tunacho cha kutoa. Kanisa lililojaa vijana lina la kumweleza mwenzake ambaye viti vyake vimebaki vitupu. Kwaya zetu, wainjilisti wetu, desturi yetu ya jumuiya kukutana nyumba kwa nyumba na kumjua mgonjwa kwa jina lake, hayo hayanunuliwi kwa dola.

Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Kufaana kunahitaji watu wawili. Basi risala ijayo iwe na swali moja kwa mgeni kabla ya orodha ya maombi: ninyi huko, hali zenu?

Kwa leo ni hayo. Tukutane wiki ijayo.