Muziki wa Kinyaga (3): Ikembe Haikutoka Ikulu

Desemba 2024 UNESCO iliingiza ngoma ya Intore katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, nasi tukashangilia, tena kwa haki. Intore ni fahari ya ikulu: vijana walioteuliwa, wakafunzwa adabu, silaha na mchezo wa kuonyeshwa mbele ya mfalme. Lakini tangu habari ile itoke, kila anayezungumzia muziki wa Rwanda huanzia Nyanza, kwenye ikulu ya zamani, na kuishia Nyanza. Sisi wa Kamembe tunatajwa kwa samaki, saruji na kituo cha mpakani, basi. Hilo linaniuma.

Waliosoma sehemu mbili zilizotangulia wanajua jinsi Kinyaga, eneo letu hili la Kamembe, ilivyokuwa mbali na ikulu na jirani na Bushi na kisiwa cha Ijwi, ng'ambo ya Ziwa Kivu. Leo nina neno juu ya ikembe.

Ni kisanduku cha mbao kinachoenea viganjani, kimepangwa ndimi za chuma juu yake. Vidole gumba hubonyeza ndimi, kidole cha kati huziba na kuzibua kitobo cha nyuma, na sauti hubadilika papo hapo. Fundi huvisha vipete vya waya kwenye ndimi ili zivume. Chuma chenyewe hakichagui ukoo: spoki ya baiskeli inafaa, ubavu wa mwavuli unafaa. Inanga, chombo cha nyuzi, humtaka mtu aketi, na wasikilizaji nao waketi. Ikembe hupigwa mtu akiwa safarini, mzigo kichwani na wimbo mkononi. Ilitoka Kongo, ikaenea na wapagazi na vibarua wa zama za ukoloni, ikavuka mto Rusizi ikaingia kwetu. Hakuna mfalme aliyeiagiza.

Vibarua wale hawajasimuliwa vya kutosha. Bukavu, iliyoitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, iliwavuta watu wengi wa Kinyaga kwenda kutafuta kazi, mjini na mashambani kwa Wazungu. Mwaka 1951 na 1952 msomi wa muziki Mmarekani, Alan Merriam, alizunguka Kongo ya Wabelgiji na Rwanda akirekodi nyimbo. Katika shamba moja la Kivu aliwakuta wasichana wa Kishi ambao mwajiri alikuwa amewakatia posho ya chumvi na mafuta. Kumwambia usoni hawakuthubutu. Walipopata nafasi ya kuimba mwajiri akiwa anasikiliza, wakayatoa yote: kwamba zamani walipewa, sasa hawapewi, na kwamba hali ikiendelea hivyo wataondoka wakafanye kazi kwa mapadri. Merriam alikiandika kisa hicho katika kitabu chake cha 1964, na wanafunzi wa muziki wa nchi nyingi wamekisoma. Sisi, tunaoitazama Bukavu ng'ambo ya maji kila tunapofungua mlango, hatumfundishi mtoto hata mmoja kisa hicho shuleni. Ni aibu, na nitaendelea kuisema.

Maana malezi ya mwanamuziki wa Kamembe yamo humo. Hakufunzwa kumpendeza bwana mmoja. Amelelewa na wapita njia. Harusi ya hapa ina wakwe kutoka Bukavu, shangazi kutoka Bugarama na majirani wa Nkombo. Mwimbaji mwenye Kinyarwanda peke yake atawapoteza nusu ya wageni kabla chakula hakijapakuliwa. Kwa hiyo anajifunza Kiswahili sokoni, Kimashi, lugha ya Washi, kwa bibi, rumba kwenye baa, na zaburi kanisani. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi mjini hapa muda mrefu kabla Bunge halijakipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Mtazameni mwimbaji Mani Martin, mzaliwa wa wilaya yetu ya Rusizi: bendi yake aliiita Kesho Band, na wimbo wake "Baba ni nani" ni wa Kiswahili. Wanaoshangaa kwamba Mnyarwanda huyu anaimba hivyo hawajawahi kusimama darajani Rusizi saa za asubuhi.

Vijana wa leo wanapanda basi, wanapita Nyungwe, na wakishafika Kigali wanajisugua masikio yao yasikie kinachouzwa tu. Siwalaumu kwa kutafuta riziki. Nawalaumu kwa kuyaonea haya malezi haya ya mpakani. Bila mpaka huu hatuishi: ulipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya Korona tuliona jinsi mji huu unavyokosa pumzi bila ng'ambo, na vita vya Kivu vinatukumbusha hilo hilo kwa ukali zaidi.

Wazee wanaojua kupiga ikembe wanapungua. Simu iliyomo mfukoni mwa kila kijana inarekodi. Walimu wa sekondari wa Kamembe, wapeni wanafunzi kazi hiyo likizo ijayo: jina la mzee, kijiji, alijifunza kwa nani, na wimbo mzima bila kukatwa.

Juma lijalo tutawafuata mapadri wenyewe hadi Mibirizi, walikofungua misheni mwaka 1903, tuone kwaya zilivyopokea sauti za watu hawa hawa.