Ile Chupa ya Dawa ya Kahawia

Kila tunapoitwa kuzungumza na vikundi vya wanawake kanisani juu ya kansa ya mlango wa kizazi, swali moja halikosi kuulizwa. Kwa kawaida huja mwishoni, tena kwa sauti ya chini, wakati wenzetu wameanza kujifunga kanga zao waondoke: "Nesi, hivi ile dawa ya kahawia wanayotupaka kule ndani ni ya nini? Haiunguzi kizazi?"

Swali hili ni zuri, maana maneno yanayozunguka mitaani ni mengi. Wapo wanaosema dawa ile hufunga uzazi. Wapo wanaosema kinyume chake, kwamba ukishapakwa umekwisha kutibiwa kansa na huna haja ya kurudi kliniki. Na wapo wale wanaotutia wasiwasi zaidi, wanaoitafuta dukani na kunywa matone asubuhi na jioni kwa ajili ya rovu, au uvimbe wa titi, au eti kusafisha damu. Yote matatu si kweli, na kila moja linaweza kumwondoa mama duniani kabla ya siku zake. Ndiyo maana leo tumeona tuizungumzie chupa hii peke yake.

Dawa yenyewe ni maji ya iodini. Huitwa kwa jina la daktari Mfaransa, Jean Lugol, aliyeitengeneza huko Paris mwaka 1829. Iodini peke yake haikubali kuyeyuka vizuri katika maji, kwa hiyo Lugol aliichanganya na chumvi yake nyingine, iodidi ya potasiamu, na hapo ikayeyuka. Alikuwa na tumaini kubwa kwamba angetibu kifua kikuu, hasa kile cha matezi ya shingoni. Tumaini hilo halikutimia, lakini mchanganyiko wake ulibaki, na mpaka leo uko katika makabati ya hospitali: sehemu 5 za iodini na sehemu 10 za ile iodidi katika kila sehemu 100 za maji.

Sasa, kwa nini ipakwe kwenye mlango wa kizazi? Waulizeni watoto wenu wanaosoma sayansi shuleni. Watawaambia kwamba mwalimu akidondosha iodini juu ya kipande cha muhogo au ugali, pale pale hugeuka rangi ya buluu nyeusi. Iodini hushikana na wanga. Basi, chembe nzima za ngozi laini inayofunika mlango wa kizazi kwa nje nazo huweka akiba ya chakula chenye undugu na wanga, kiitwacho glaikojeni. Ukizipaka iodini hugeuka kahawia iliyokolea, kama mbao ya mkangazi iliyopigwa vanishi. Lakini chembe zilizoanza kuharibika na kuelekea kwenye kansa hukua haraka haraka na huwa hazina akiba hiyo. Iodini haipati kitu cha kushika. Mahali hapo hubaki na rangi ya manjano kama ya bizari, katikati ya kahawia.

Aliyeligundua jambo hili ni Walter Schiller, daktari wa Vienna, Austria, mwishoni mwa miaka ya 1920. Fikirini, akina mama: karibu miaka 100 iliyopita mtu mmoja aliona kwamba kwa pamba, dawa ya bei ndogo na macho yake mwenyewe angeweza kutambua hatari ambayo mgonjwa hajaisikia bado. Hakuna umeme unaohitajika zaidi ya taa. Ndiyo sababu njia hii ilifaa sana kwa zahanati zetu. Nchini Kenya wauguzi wengi wamefundishwa kutumia siki na iodini pamoja. Hapa Tanzania siki ndiyo iliyotangulia katika vituo vingi, na iodini huletwa pale daktari anapotaka kuona mipaka ya kidonda vizuri kabla ya kukitibu.

Tuwaeleze yanayotokea chumbani, maana hofu nyingi ni ya kutojua. Mama hulala chali, magoti yamekunjwa, amefunikwa kanga au shuka. Muuguzi huingiza kifaa cha kupanulia njia ya uzazi ili auone mlango wa kizazi. Kinabana kidogo, lakini ukivuta pumzi na kulegeza mapaja hakiumizi. Kwanza hupaka siki iliyopunguzwa makali, akasubiri dakika moja hivi: chembe zenye kasoro hugeuka nyeupe kama ukungu wa maziwa. Kisha, ikiwa wanatumia iodini, huipaka kwa pamba na kutazama rangi. Kazi yote haimalizi hata muda wa kuchemsha chai. Iodini haikati kitu, haichomi kitu, wala haiingii ndani ya mfuko wa uzazi kuzuia mimba. Ipo pale ili ioneshe tu.

Ila inatia doa, hilo ni kweli. Kwa siku chache mama atatokwa na uchafu wa kahawia, na nguo ya ndani itachafuka. Wengine huwashwa kidogo au kujisikia wakavu. Tunawashauri wachukue pedi au kitambaa safi siku ya kwenda kupimwa. Na tunawaambia bila kuona haya: mweleze baba wa nyumbani kabla hujakwenda. Tunamkumbuka mama mmoja aliyekwenda kupimwa kwa siri. Mumewe akaiona ile kahawia kwenye nguo, akadhani mambo mengine kabisa, na nyumba ikawaka moto kwa wiki nzima hadi walipokuja kliniki wote wawili kuuliza. Tulipomwonesha yule baba chupa yenyewe na kumpaka tone moja kwenye kiganja, alicheka kwa aibu. Tangu siku ile yeye ndiye anayewahimiza wanaume wenzake wawaruhusu wake zao.

Kabla hujapakwa, mwambie muuguzi kama iodini imewahi kukudhuru ngozi au kukuvimbisha, kama una ugonjwa wa tezi ya shingo, au kama una mimba. Ana njia nyingine za kukupima.

Tena rangi ya manjano si hukumu ya kifo. Mtu akiambiwa "kuna mahali hapajashika rangi" asianze kugawa vyombo vyake. Uvimbe wa kawaida wa maambukizi huweza kuzuia rangi isishike. Ngozi ya ndani ya mlango wa kizazi, hata ikiwa nzima kabisa, haishiki iodini kwa asili yake. Mama aliyekoma hedhi naye rangi humshika kwa madoa madoa, kwa sababu akiba ile ya glaikojeni hupungua umri unapoenda. Kwake kipimo cha kutafuta virusi hufaa zaidi. Kazi ya iodini ni kunyoosha kidole na kusema, tazameni hapa. Baada ya hapo ndipo hukatwa kinyama kidogo kikapimwe maabara, au mahali hapo hutibiwa kwa baridi kali, kwa joto, au kwa waya wa umeme unaokwangua sehemu mbaya. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kinachotuuma sisi tunaofanya kazi hii ni kwamba ugonjwa huu hutoa muda mrefu sana. Tangu chembe zianze kubadilika mpaka ziwe kansa, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mama ambaye kinga yake ya mwili imepungua, kama anayeishi na Virusi vya Ukimwi bila dawa, ni miaka 5 hadi 10. Muda wote huo hakuna maumivu. Damu inapoanza kutoka baada ya tendo la ndoa, au hedhi inaporudi kwa mama aliyekwisha kukoma, mara nyingi muda ule umekwisha kutumika. Mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligunduliwa kuwa na kansa hii, na kama 350,000 walikufa. Hapa kwetu ndiyo kansa inayowapata wanawake kuliko zote, na wengi wanaofikishwa Ocean Road, Dar es Salaam, hufika wakati imekwisha kusambaa.

Siku hizi yapo mazuri zaidi ya siki na iodini. Tunajua kwamba kansa hii huletwa na virusi vya papiloma, na Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo cha kutafuta virusi hivyo kitangulie, popote kinapopatikana. Mama anaweza hata kujichukulia mwenyewe majimaji kwa kijiti cha pamba. Hufaa kuanza umri wa miaka 30, na miaka 25 kwa anayeishi na Virusi vya Ukimwi. Ukionekana huna virusi, unaweza kukaa miaka 5 au zaidi kabla ya kurudia. Ukipimwa kwa siki, rudi baada ya miaka 3. Anayeishi na Virusi vya Ukimwi afuate tarehe atakazopewa na kliniki yake, maana hatari yake ni kama mara 6 ya wengine. Na binti zetu wana chanjo. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Lakini kituo chenu kikiwa hakina hicho kipimo kipya, msikisubiri. Nendeni kwa siki na iodini iliyopo.

Tutaje kwa ufupi kwamba iodini hiyo hiyo hutumika pia kupima koo la chakula. Daktari huingiza mpira wenye kamera na kunyunyiza. Sehemu isiyoshika rangi hutiliwa shaka, kwa sababu zile zile tulizozieleza. Kansa ya koo la chakula ni nyingi katika Afrika Mashariki. (Mnaopenda kunywa chai ikiwa bado inatoka jikoni ikichemka, iacheni ipoe kidogo. Wataalamu waliopima jambo hili mwaka 2016 walisema vinywaji vya moto sana yaelekea huleta kansa hiyo.)

Sasa tuje kwa wale wanaoinywa. Tezi iliyo mbele ya shingo, inayoongoza kasi ya mwili, hutengeneza homoni zake kwa iodini, ambayo kwetu tumeizoea kwa jina la madini joto. Ikikosekana, tezi huvimba ikijitahidi kukamata ile kidogo iliyopo, na hilo ndilo rovu. Lilikuwa jambo la kawaida kwa watu wa nyanda za juu, Iringa, Mbeya, Rukwa na kwingineko, kabla chumvi yenye madini joto haijaenea. Na rovu si la kutazama shingo tu: mama mjamzito akikosa madini joto, ubongo wa mtoto aliye tumboni huathirika, na hasara hiyo hairudi tena baada ya kuzaliwa.

Basi mtu husema, kama rovu ni upungufu wa iodini, si ninywe iodini? Tupige hesabu. Mtu mzima huhitaji maikrogramu 150 kwa siku, na mjamzito 250. Tone moja tu la dawa ya Lugol lina kama 6,000. Ni zaidi ya mara 40 ya mahitaji ya siku nzima, na wanaojitibu hunywa matone mengi. Tezi iliyozoea njaa kwa miaka, ikimiminiwa wingi wa ghafla, huweza kuanza kutoa homoni kupita kiasi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, kukonda huku unakula. Katika miaka ya 1990, chumvi yenye madini joto ilipoingia Zimbabwe na Kivu, waliongezeka wagonjwa wa namna hiyo, hasa watu wazima wenye rovu la siku nyingi. Na hiyo ilikuwa chumvi ya chakula tu. Mwingine tezi yake hufunga kazi kabisa, na ikiwa ana mimba, tezi ya mtoto nayo huweza kuvimba tumboni. Uvimbe wa shingo nao waweza kuwa wa sababu nyingine, hata kansa, na kila mwezi wa kunywa matone ni mwezi uliopotea.

Ni kweli kwamba hospitali huwapa wagonjwa wengine matone haya. Daktari Henry Plummer wa Marekani alionesha mwaka 1923 kwamba mgonjwa ambaye tezi yake inafanya kazi kupita kiasi, akipewa iodini kwa siku kama 10 kabla ya upasuaji, tezi hutulia na damu hupungua ndani yake, na vifo vya upasuaji huo vikashuka sana. Wingi wa ghafla huifanya tezi isite kwa muda. Lakini kusita huko hakudumu. Baada ya wiki mbili hivi tezi huanza kuzoea na ugonjwa waweza kurudi kwa nguvu. Kwa hiyo mama aliyepewa matone asiahirishe tarehe yake ya upasuaji kwa sababu ya harusi au mavuno. Ikibidi, amwambie daktari mapema. Matone huwekwa kwenye glasi ya maji au maziwa, kwa sababu ladha yake ni kali na yanachoma, na chupa hukaa mahali pasipo na mwanga, mbali na watoto. Yakibaki baada ya upasuaji, yarudishwe hospitali, yasipewe jirani.

Kwa mahitaji ya kila siku ya familia inatosha chumvi yenye madini joto, ikiwekwa kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moshi na unyevu wa jiko, na kutiwa mboga ikikaribia kuiva.