Chagua kwa moyo kabla hujashika gundi

Wewe msomaji, ulipokuwa mtoto uliunda nini kwa mikono yako? Huenda lilikuwa gari la waya lenye usukani mrefu, magurudumu yake yamekatwa kutoka kwa ndara kuukuu. Huenda lilikuwa lori la kadibodi lililotembea kwa vifuniko vya soda. Sasa ongeza swali la pili: mbona ukaunda lori wala si basi? Ukifikiri vyema utakumbuka kwamba kulikuwa na sababu. Labda mjomba wako alikuwa dereva wa lori la Mombasa, na kila alipofika nyumbani ulipanda ukaketi mbele kama mfalme.

Swali hilo dogo ndilo linalowakeshesha watu wazima wengi ulimwenguni wenye uraibu wa kuunda modeli. Modeli ni vifano vidogo vya vitu halisi kama vile ndege, meli, magari na hata majengo, vilivyopunguzwa kwa kipimo maalumu ili kila sehemu ilingane na nyingine. Wengi hudhani kwamba kazi ngumu ni kubandika vipande na kupaka rangi. La hasha! Kazi ya kwanza, ambayo aghalabu huamua kama modeli itakamilika au itaishia juu ya kabati ikifunikwa na vumbi, ni kuchagua utakachounda.

Nasema haya kwa sababu yamenipata. Modeli yangu ya kwanza ya ukubwani ilikuwa merikebu ya Kizungu ya matanga mengi. Sikuwa na uhusiano wowote na merikebu hiyo wala sikujua jina la tanga lake hata moja. Niliichagua kwa kuwa picha ya boksi ilipendeza, na kwa kuwa nilitaka wageni wakiingia sebuleni wastaajabu. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nimefunga nyuzi thelathini hivi, na nyingi zaidi zilikuwa bado. Wiki ya nne niliipandisha juu ya kabati. Ipo huko hadi leo.

UZURI WA BOKSI

Sikuwa wa kwanza kunaswa na picha. Mnamo 1952 kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa modeli ndogo ya plastiki ya merikebu ya Golden Hind, ile ya nahodha Francis Drake, ikauzwa katika maduka ya Woolworths kwa shilingi mbili tu za Uingereza. Watoto waliopewa pesa kidogo za matumizi waliweza kuinunua. Baadaye, kuanzia 1964, kampuni hiyo ilimwajiri mchoraji Roy Cross. Ndege zake zilipita katikati ya moshi na mawingu, na meli zake zilipasua mawimbi. Mtoto aliyesimama mbele ya rafu hakuwa akichagua plastiki iliyokuwa ndani. Alikuwa akichagua hadithi iliyochorwa juu.

Hakuna ubaya wowote katika kuvutiwa na picha. Ubaya ni kwamba picha huisha nguvu siku ya pili, wakati vipande mia moja vimetapakaa mezani na kimoja kimeanguka chini ya kochi. Ndiyo maana karibu kila mwenye uraibu huu ana rundo la maboksi ambayo hajayafungua. Hununua haraka kuliko anavyounda. Ukimuuliza atakuambia, kwa aibu kidogo, kwamba kila boksi lilikuwa zuri siku aliyolinunua.

SABABU ZINAZODUMU

Je, wanaomaliza kazi zao huchagua vipi? Ukiwachunguza utaona kwamba wengi huwa na sababu isiyokwisha nguvu upesi.

Wapo wanaochagua kwa kumbukumbu. Mtu huunda aina ya gari ambalo babake alikuwa nalo, au ndege aliyopanda mara ya kwanza akienda masomoni.

Wapo wanaochagua kwa mfululizo. Huyu huamua kwamba ataunda magari yaliyoshinda shindano fulani, au meli za jeshi moja la majini, na kila modeli inayokamilika humwita kwa ile inayofuata.

Kadhalika, wapo wanaochagua kitu kwa sababu kimetoweka. Hapa tuna mfano wetu wenyewe. Zamani pwani yetu ilikuwa na chombo kilichoitwa mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe ilitoweka baharini katika karne ya 20. Mtoto wa leo anayetaka kuona umbo lake hutegemea picha na vifano vidogo vilivyohifadhiwa katika makavazi kama yale ya Lamu. Mafundi walioviunda walituwekea akiba ambayo bahari haikuiweka.

KIPIMO NA MEZA YAKO

Moyo ukishachagua, rula nayo ina neno lake. Kila aina ya modeli ina vipimo vilivyozoeleka. Ndege nyingi huundwa kwa kipimo cha 1 kwa 72, yaani inchi moja ya modeli ni futi sita za ndege halisi. Mtu mwenye urefu wa mita 1.8 hubaki na sentimita 2.5 tu. Magari aghalabu huwa 1 kwa 24, na vifaru vya jeshi 1 kwa 35.

Hicho cha 1 kwa 35 kina kisa chake. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilianza mnamo 1946 kama biashara ya mbao kabla ya kuingia katika plastiki. Mwaka wa 1961 ilitoa modeli ya kifaru cha Panther chenye mota ndani. Ukubwa wake ulipangwa ili betri na mota vipate nafasi, na kipimo kilichopatikana kikawa 1 kwa 35. Basi betri ndizo zilizoamua, na ulimwengu mzima ukafuata.

Kwa nini jambo hili likuhusu? Chukua meli ya Titanic iliyokuwa na urefu wa mita 269. Ukiiunda kwa kipimo cha ndege, 1 kwa 72, utapata modeli ya zaidi ya mita tatu na nusu. Katika nyumba ya vyumba viwili mtaani, itabidi mtu mmoja wa familia ahame! Ndiyo maana wapenzi wa meli hutumia 1 kwa 700, na Titanic yao hukaa kwenye rafu kwa sentimita 38. Kabla ya kuchagua, gawanya urefu wa kitu halisi kwa kipimo chako, kisha utazame meza. Mwanafunzi anayelalamika kwamba hesabu ya uwiano haina faida, mwambie ajaribu hili.

NI GARI LIPI HASA?

Jambo jingine ni ushahidi. Kuchagua "gari la Safari Rally" hakutoshi. Safari ilianza mwaka wa 1953 na magari ya kila namna yamewahi kushinda. Tuseme umechagua Datsun 240Z. Ni ipi? Edgar Herrmann alishinda kwa gari la aina hiyo mwaka wa 1971, naye Shekhar Mehta akashinda kwa aina iyo hiyo mwaka wa 1973. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imewahi kutoa boksi la ile ya 1971, kwa hivyo wapo watu wa mbali ambao hawajawahi kukanyaga Kenya na ambao wameketi usiku wakiunda gari lililokimbia katika vumbi letu.

Hata baada ya kuchagua gari, chagua saa. Utaliunda likiwa linang'aa siku ya kuondoka, au likiwa limejaa matope milangoni, taa moja imevunjika, siku ya kufika? Ni gari lile lile lakini ni modeli mbili tofauti. Mwundaji stadi hukusanya picha kwanza, kwa kuwa anajua kwamba kitu asichoweza kukiona hataweza kukiunda.

Wazazi nao wana swali lao. Maboksi mengi madukani ni ya ndege za kivita na vifaru. Je, mtoto anayeunda silaha anajifunza kupenda vita? Sidhani hivyo, bora asiachwe peke yake na boksi. Muulize kifaru hicho kilikuwa cha nani, kilipigana wapi, na waliokuwa mbele yake walikuwa akina nani. Mtoto akijibu maswali hayo matatu atakuwa amesoma historia. Asipotaka kuyajibu, mwelekeze kwa basi, trekta au ambulensi.

GARIMOSHI LA BABA

Baada ya merikebu kunishinda, nilikaa mwaka mzima bila kugusa gundi. Kisha Jumapili moja nilimpeleka baba kwenye Makavazi ya Reli hapa Nairobi. Baba alifanya kazi katika reli enzi za Afrika Mashariki akiwa msaidizi wa dereva, aliyesimamia moto. Siku hiyo macho yake yalikuwa yameanza kuingia kiza kwa sababu ya presha ya macho.

Mle uwanjani kuna injini nambari 5918, iitwayo Mount Gelai. Ni mojawapo ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa na kampuni ya Beyer Peacock huko Manchester na kuletwa kwetu mnamo 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima. Ina uzito wa takriban tani 250 na urefu wa zaidi ya mita 31. Boila lake limebebwa katikati ya seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, na moto wake ulikuwa wa mafuta, si wa makaa. Baba aliweka kiganja juu ya gurudumu akanyamaza. Tulipokuwa tukirudi nyumbani hakunyamaza tena. Alinisimulia kuhusu usiku wa kupanda kutoka Mombasa, joto la chumba cha injini na namna walivyopokezana chai Voi. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na hayo sikuwa nimeyasikia kamwe.

Hapo nikajua nitakachounda. Boksi lake sikulipata dukani, nikatumia kadibodi, vijiti vya ufagio na kipande cha paipu ya plastiki. Nilichagua 1 kwa 72, ikatoka sentimita 44. Kila nilipokwama nilimpigia baba simu. Nilitaka kuipaka rangi nyeusi, akanigombeza: zake zilikuwa za wekundu ulioiva, kama damu ya mzee!

Baada ya miezi minne nilimpelekea. Aliiweka magotini akaipapasa pole pole kutoka mbele hadi nyuma. Halafu akarudi mwanzo, vidole vikihesabu.

"Mwanangu," akasema, "magurudumu mengine mawili umeyapeleka wapi?"

Nikamwambia yapo yote, nimeyahesabu kwenye picha.

"Picha haikufanya kazi reli. Kila upande ni kumi na manne."

Nilihesabu yangu. Yalikuwa kumi na mawili. Nilirudi makavazini nikainama kando ya Mount Gelai, na ama kweli, magurudumu madogo ya karibu na katikati, ambayo katika picha yangu yalikuwa kivulini, yalikuwepo. Niliibomoa modeli nusu nzima nikaanza upya. Ile merikebu ningeiacha kwa kosa dogo kuliko hilo. Hii sikuweza kuiacha, kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyekuwa akiisubiri.

Leo baba haoni kabisa. Modeli hiyo iko mezani kando ya redio yake, na wajukuu wakimtembelea huwafundisha kuhesabu kwa vidole: kumi na manne upande huu, kumi na manne upande ule.

JIULIZE KWANZA

Basi, ikiwa wewe au mwanao mnataka kuanza uraibu huu, jiulizeni haya kabla ya kutoa pesa. Je, kitu hiki ninaweza kukieleza kwa dakika tano bila kusoma boksi? Nina picha za kila upande, au ninaweza kwenda kukiona? Kitatoshea wapi nyumbani? Je, mikono yangu inakiweza leo, au nianze na kidogo zaidi? Na la mwisho, ni nani atakayefurahi siku kitakapokamilika?

Si lazima ununue boksi kutoka ng'ambo. Anza na matatu ya mtaa wako au kibanda cha mama mboga, kwa kadibodi, rula, wembe na gundi. Wembe ushikwe na mkubwa, na madirisha yafunguliwe unapotumia gundi na rangi zenye harufu kali.

Lakini usichague hadi kuche. Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Ukishapata kitu kimoja chenye mtu au kumbukumbu nyuma yake, kunja mikono ya shati uanze. Na ikiwa yupo mzee nyumbani anayekijua kitu hicho, mwite akae karibu na meza. Huenda akakwambia magurudumu yamepungua.