HASIRA HUPOA, RISASI HAIRUDI

Wahenga walinena kwamba hasira ni hasara. Makala haya yahusu hasara isiyo na fidia: ile iletwayo na bunduki iliyomo nyumbani mwa mtu asiyestahili kuwa nayo, au aliyeipata siku moyo wake ulipokuwa ukichemka. Wasomaji wetu wengi ni askari na jamaa zao, na silaha si kitu kigeni kwao. Ndiyo sababu jambo hili lafaa kuzungumzwa katika ukurasa wa nyumbani.

Nilipofika Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe, nilikaribishwa na mama mmoja mkimbizi wa Kivu ya Kusini. Mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Tangu 1994 pamekuwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu 10,000 hivi, na leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili chasikika katika kila kichochoro.

Mama huyo alinisimulia kwamba kijijini kwao kijana aliweza kulala mikono mitupu akaamka na bunduki. Hakuna aliyemwuliza umri wake, wala alikuwa amegombana na nani. Bunduki hizo ndizo zilizomkimbiza yeye na wanawe.

MKE HUULIZWA

Mdogo wake wa kiume alipata bahati ya kuhamishiwa Kanada. Huko akatamani bunduki ya kuwindia. Akakuta kwamba fedha peke yake hazitoshi. Sheria ilimtaka kwanza asome mafunzo ya usalama wa silaha, kisha mwenendo wake uchunguzwe. Mwenye kuomba leseni kwa mara ya kwanza hungoja siku zisizopungua 28. Zaidi ya hayo, mkewe hutakiwa kutia sahihi. Asipotia, wakuu wa leseni humjulisha kuhusu maombi hayo, naye aweza kueleza wasiwasi wake.

Wifi mtu akasita. Mumewe huota vita usiku na kuamka akipiga mayowe, na pombe ilikuwa imemzidi. Kusema ni kumvunjia mume heshima. Kunyamaza ni kukubali bunduki ilale chumba kimoja na watoto. Akampigia simu wifi yake Dzaleka, amshauri. Mama akamjibu aseme kweli. Akasema, na leseni haikutolewa.

FUNZO LA MWAKA 1993

Malawi yenyewe yajua gharama ya silaha zisizo na mlinzi. Mwanzoni mwa Desemba 1993, ugomvi wa baa mjini Mzuzu ulisababisha vifo vya askari wa jeshi mikononi mwa Malawi Young Pioneers, vijana wa chama kilichotawala ambao walikuwa na silaha. Tarehe 3 Desemba jeshi lilianza mjini Lilongwe operesheni ya kuwanyang'anya silaha hizo. Operesheni hiyo iliitwa Bwezani, neno la Kichewa lenye maana ya "rudisheni".

Siku chache tu kabla ya hapo, tarehe 30 Novemba 1993, Rais wa Marekani alitia sahihi sheria iliyomtaka mnunuzi wa bastola angoje siku tano, huku mwenendo wake ukichunguzwa. Mwaka 1998 kungoja huko kuliondolewa katika sheria ya taifa, ukabaki uchunguzi wa haraka. Usipokamilika kwa siku tatu za kazi, muuzaji aweza kuuza. Mwaka 2015, katika mji wa Charleston, kijana aliyeipata bastola yake kwa njia hiyo aliwaua watu tisa kanisani.

Nchi za kusini mwa Afrika nazo hazikulala. Tarehe 14 Agosti 2001, mjini Blantyre, wakuu wa nchi za SADC walitia sahihi itifaki ya udhibiti wa silaha, inayotaka kila bunduki ya raia iandikishwe na mwenyewe apimwe uwezo wake. Kwetu Tanzania, mwananchi anayeomba silaha huanzia kwa viongozi wa kijiji au mtaa wake, kwa kuwa jirani ndiye ajuaye kelele za nyumba ya pili.

ASKARI NAYE NI BINADAMU

Yupo atakayesema kwamba mambo haya ni ya raia. La hasha. Mwaka 2006 jeshi la Israeli liliamuru askari wengi waache bunduki kambini wanapokwenda nyumbani mwishoni mwa juma. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba askari waliojiua walipungua kwa asilimia 40. Hawakutibiwa huzuni yao. Walitengwa tu na chombo wakati wa saa mbaya. Saa hiyo ikipita, wengi huendelea kuishi.

Basi, akina mama na akina baba, silaha ya kazi irudishwe ghalani kama amri isemavyo. Nanyi mkiulizwa habari za mwombaji, awe mume, ndugu au jirani, semeni mnayoyajua. Kumwonea haya mtu leo kusije kukatuletea kilio kesho.

Nilipoagana na mama yule, alinieleza kwamba mdogo wake amekwisha kupata habari ya ushauri ule, na hampigii simu tena. Wifi yake humwambia kwamba sasa anakwenda kwa daktari. Jambo hilo linamwuma, kwani ndiye nduguye pekee aliyebaki. Hata hivyo hajutii. Kimya cha ndugu aliye hai, alisema, anaweza kukivumilia.